Kuchangia programu huria: anza na ile ambayo kazi yake unaijua

Vijana wanaojifunza kuandika programu huniuliza sana swali hili: "Kaka, nataka kuchangia programu huria, nianze na mradi gani?" Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Wengi wao wanakuwa wameshazunguka GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya namna hiyo, usiku kucha, wakakuta miradi isiyo na idadi, wakachoka. Ninawajibu wote vilevile: anza na programu ambayo kazi yake unaijua. Kujua lugha za kuandikia programu kama Java au Python ni sehemu tu ya shughuli. Iliyobaki ni kumjua mtu anayeitumia programu hiyo, na hapo una kitu ambacho mtaalamu aliye mbali hana.

Chukua OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, na shirika la afya la Partners In Health. Katika kumsajili mgonjwa, mfumo huu unaruhusu tarehe ya kuzaliwa iwekwe alama kwamba ni ya makadirio. Aliyewahi kukaa mapokezi kwenye zahanati ya kijijini haulizi kwa nini. Bibi anakwambia alizaliwa mwaka wa njaa, basi. Mfumo unaong'ang'ania siku, mwezi na mwaka unamlazimisha karani kubuni, na tarehe ya kubuni ikishaingia, hakuna atakayeitofautisha na ya kweli. Daktari anapopima dozi kwa umri, anaitegemea hiyohiyo. Kama unayajua mambo ya namna hii, iwe ni hospitalini, dukani, shambani au kwenye SACCOS, tayari unacho cha kuchangia.

Kabla ya kugusa msimbo, jifunze kuripoti hitilafu. "Programu haifanyi kazi" haimsaidii mtu. Andika toleo la programu, mfumo endeshi wako (Windows, Ubuntu au mwingine), hatua ulizofuata moja baada ya nyingine, ulichotarajia na kilichotokea. Ujumbe wa kosa unakili kama maandishi, usipige picha ya skrini peke yake, maana maandishi yanatafutika. Kwanza hakikisha hakuna aliyekwisha kuliripoti tatizo hilo. Ripoti ya hitilafu ambayo msimamizi wa mradi anaweza kuirudia kwenye mashine yake ni mchango kamili, na ndiyo inayofanya jina lako lianze kufahamika.

Kingine ni nyaraka. Mchango wangu wa kwanza kupokelewa ulikuwa mstari mmoja kwenye mwongozo wa usakinishaji. Mwongozo ulitaja toleo la Java ambalo programu yenyewe ilikuwa imeshaacha kulikubali. Nikarekebisha namba, nikaeleza nimejaribu kwenye Ubuntu ipi na kosa gani lilikuwa likitokea awali. Ilitosha. Mgeni njoo, mwenyeji apone: waliousakinisha mfumo miaka iliyopita hawausomi tena mwongozo, hivyo kasoro zake unaziona wewe unayeingia leo.

Kuhusu bando, kwa sababu najua linavyoumiza: miradi mikubwa ina historia ndefu ya mabadiliko, na kuishusha yote kunamaliza data. Weka --depth 1 kwenye git clone, amri ya kunakili mradi kwenye kompyuta yako, utapata hali ya sasa tu. Siku ukiihitaji historia nzima, git fetch --unshallow itakuletea.

Ukifika kwenye msimbo, chagua tiketi ndogo, yaani tatizo au kazi iliyoorodheshwa na mradi. Miradi mingi huziwekea alama zile zinazowafaa wageni. Soma faili la CONTRIBUTING, lenye kanuni za kuchangia, mpaka mwisho, endesha majaribio yaliyopo kabla hujabadilisha chochote, na kila ombi la kuunganisha (pull request), yaani mabadiliko unayoomba yaingizwe kwenye mradi, libebe jambo moja. Wasimamizi wakikurudishia kazi na maoni ishirini, usinune. Anayekagua kazi yako mara nyingi anajitolea baada ya saa za kazi, na akikuandikia maoni marefu amekupa muda wake. Jibu kila hoja. Kimya kikizidi wiki mbili, kumbusha mara moja kwa adabu.

Usitafute idadi. Oktoba 2020 Hacktoberfest, kampeni iliyokuwa ikitoa fulana kwa wachangiaji, ilifurika mabadiliko yasiyo na maana, neno moja likiongezwa hapa na pale, mpaka waandaaji wakabadilisha kanuni kampeni ikiendelea ili kila mradi ushiriki kwa hiari yake. Waliobeba mzigo huo ni wasimamizi walewale wa kujitolea.

Wanaotafuta kipato wasikate tamaa. Google Summer of Code, mpango wa Google unaowalipa posho wachangiaji wapya, ulioanza 2005, tangu 2022 haubagui tena wasio wanafunzi, ilimradi wewe uwe umefikisha miaka 18. Outreachy, mpango mwingine wa mafunzo kwa vitendo yenye malipo, nao hupokea watu mara mbili kwa mwaka, na mwombaji hutakiwa kuwa amechangia mradi anaouomba katika kipindi cha maombi. Kwa hiyo usisubiri dirisha lifunguliwe. Chagua mradi sasa, sakinisha, tuma ripoti yako ya kwanza, ili muda wa maombi ukifika wasimamizi wawe wanakufahamu na kompyuta yako iwe tayari inaendesha mradi huo bila kukwama.