Kinanda kinaingia lini kwenye simfoni ya Saint-Saëns?

Umeuliza kama kwenye Simfoni Na. 3 ya Saint-Saëns, yule mtunzi Mfaransa, mpiga kinanda (kile kikubwa cha mabomba, yaani ogani) anakaa bure mpaka ule mlipuko wa mwisho. Hapana, ndugu. Anaingia mapema zaidi, dakika kama kumi hivi baada ya kuanza, ila kwa sauti ya chini mno hata wengi hawamtambui. Vyombo vya nyuzi vinaimba polepole, naye yuko chini yao anashikilia sauti nzito za mabomba marefu. Hizo unazihisi kifuani kabla ya sikioni. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wenyewe, kuliko ile kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kubwa ya C meja inayofungua sehemu ya mwisho, ambayo kila mtu anaisubiri. (Saint-Saëns alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Madeleine, Paris, karibu miaka 20, kwa hiyo alijua lini anyamaze.) Simfoni yenyewe aliiongoza mara ya kwanza London, 1886.

Kuhusu koncheto ya fidla (muziki wa mpiga fidla mmoja na okestra) ya mtunzi Mjerumani Bruch, ambayo okestra itaanza nayo kwenye tamasha unalokwenda: usipige makofi sehemu ya kwanza inapotulia, maana inaunganika moja kwa moja na Adagio, yaani sehemu ya pili, ya polepole. Mpiga fidla Joachim ndiye aliyemshauri Bruch alipoirekebisha, na ndiye aliyeipiga ilivyo sasa mwaka 1868.

Tiketi? Chukua za katikati au nyuma kidogo. Mbele kabisa utamfaidi mpiga fidla, lakini kinanda hakitachanganyika vizuri na okestra.