Timu ya riadha ya wanaume imefutwa: pa kuanzia

Pole, ndugu. Umeuliza mtairudishaje timu ya riadha ya wanaume chuoni kwenu Marekani, uongozi ukitaja bajeti na Title IX, sheria ya Marekani inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Sheria hiyo ya 1972 haiagizi timu ifutwe. Inadai wanawake wapate nafasi sawa. Msiwalaumu mabinti, tafadhali. Inaniuma kila nikisikia hivyo. Pelekeni hesabu: uwanja upo, kocha na basi mnaweza kushirikiana na timu ya wanawake, zinabaki njumu na nauli; ambatisheni ahadi za wahitimu za kuchangia, kwa maandishi. Chuo Kikuu cha Clemson kilitangaza Novemba 2020 kuifuta timu yake ya riadha ya wanaume. Wanariadha wa kiume na wa kike wakaweka wakili, Aprili 2021 timu ikarudishwa, na chuo kikaahidi kuongeza mchezo wa wanawake. Nanyi ombeni yote mawili, timu irudi na wanawake waongezewe mchezo, kwenye barua moja.