Bolti za saizi nyingi kutoka mchoro mmoja
Ndugu, umeuliza namna ya kuepuka kuchora upya kila bolti ya karakana yenu ya Gerezani. Katika FreeCAD, programu ya kuchora vifaa kwa kompyuta, chora bolti moja tu, kisha vipimo vyake uvifunge kwenye jedwali la programu hiyo, ili ukibadilisha namba mchoro ubadilike wenyewe, ukikipa kila kisanduku jina linaloeleweka, kama vile upana_kichwa, badala ya kuacha anwani yake tu, kama B2. Usikokotoe kichwa kwa kuzidisha kipenyo, kwa maana viwango vya kimataifa vya ISO havifuati uwiano mmoja: kichwa cha M8 (bolti ya kipenyo cha milimita 8) kina upana wa milimita 13 kati ya pande mbili zinazotazamana, cha M10 kina 16, ilhali cha M12 kina 18 tu. Michoro yote iegemeze kwenye bapa kuu za XY na XZ, zile za programu zisizosogea, si kwenye nyuso za umbo, kwani namba ambazo programu huzipa nyuso huweza kubadilika saizi inapobadilika, na hapo kazi huvurugika. Nyuzi, yaani mikato ya mzunguko ya kukazia nati, usizichore, huongeza uzito wa faili bure, na bolti zenyewe mtazinunua dukani.