Maswali ya Wasomaji: Maji ya Gari la Kulala Yanapoganda Kitulo

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zetu. Mimi na mume wangu tulinunua Kosta iliyotumika, tukang'oa viti na kuifanya nyumba ya kusafiria, yenye vitanda, jiko la gesi, sinki, hita ya maji na tenki la lita 100 lililofungwa chini ya bodi. Julai mwaka jana, tukiwa njiani kwenda Makete kuwasalimu wazazi, tulilala Kitulo. Alfajiri tulikuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa jalidi. Pampu ilinguruma, lakini koki haikutoa hata tone. Jua lilipopanda maji yalianza kutoka yenyewe, ila baadaye tuliona sakafu ya chini ya sinki imeloa na kikombe cha chujio kimepasuka. Fundi wetu anasema ilikuwa bahati mbaya. Mwaka huu tunapita tena mwezi uleule. Tufanyeje?
Msomaji wa Uyole, Mbeya

JIBU: Dada yetu, haikuwa bahati mbaya, na msipobadili utaratibu itatokea tena. Maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Barafu ikianza kujengeka ndani ya bomba jembamba, huyasukuma maji ambayo bado hayajaganda kuelekea kwenye koki, na koki ikiwa imefungwa, shinikizo hupanda mpaka kifaa kilicho dhaifu kuliko vingine kipasuke. Mara nyingi kifaa hicho ni kikombe cha plastiki cha chujio, kichwa cha pampu au maungio ya bomba. Alfajiri hamkuona uvujaji kwa sababu barafu yenyewe ilikuwa imeuziba ufa. Ilipoyeyuka, maji yakapata njia.

Uwanda wa Kitulo uko kwenye kimo cha takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, usiku ambao anga halina mawingu na upepo umetulia, ardhi hupoteza joto haraka na nyuzi zinaweza kushuka chini ya sifuri, lakini mchana jua hulipandisha tena. Hapo ndipo mnapotofautiana na wasafiri wa Kanada au Norwei, ambao hukaa katika baridi ya kugandisha usiku na mchana, na ambao hulazimika kuyapasha joto matenki yao kwa umeme au kuondoa maji yote garini kwa msimu mzima. Tenki lenu likiwa limejaa ni vigumu ligande lote kwa usiku mmoja wa Kitulo. Kinachoganda ni maji machache yaliyolala ndani ya bomba, pampu na chujio, kwa hiyo juhudi zenu zielekezeni huko.

Kila jioni, mkishamaliza kupika na kuoga, zimeni pampu, fungeni koki ya kutokea kwenye tenki, kisha fungueni koki zote za sinki na bafu, za moto na za baridi, na muziache wazi hadi asubuhi. Hita nayo izimeni mapema ipoe, na shinikizo likishatoka kupitia koki hizo, fungueni kizibo chake cha chini maji yaishe. Asubuhi msiiwashe kabla ya kuijaza tena, kwa sababu hita inayowaka bila maji huungua. Fungueni kikombe cha chujio kwa mkono, mkimwage, na chujio lenyewe mlilaze ndani karibu na vitanda, kwa kuwa uzi wake hushika maji hata baada ya kikombe kukauka. Pampu iendesheni kwa sekunde chache huku bomba linaloingia limefunguliwa, ili iteme maji yaliyobaki tumboni mwake. Kazi hii yote haichukui muda mrefu, na kwa maoni yangu ina faida kuliko kununua vifaa vya bei kubwa. Maji ya kunywa na ya chai ya asubuhi yawekeni kwenye dumu ndani ya gari.

Mkipata nafasi, mwambieni fundi avalishe sponji ya mabomba sehemu zote zinazopita nje ya bodi, na usiku acheni milango ya kabati la sinki wazi ili joto la ndani lifike huko. Mahali pa kuegesha pia pana uzito: hewa baridi ni nzito, hutiririka na kutuama mabondeni, kwa hiyo chagueni mteremko. Lakini joto hilo lisitafutwe kwa jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na watu wengi wamelala nayo wasiamke. Nawasihi sana katika hili.

Bomba likiganda licha ya yote, msilisogezee moto. Fungueni koki, kisha lizungushieni kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, mkianzia upande wa koki na kurudi nyuma, ili barafu inayoyeyuka ipate pa kutokea.

SWALI: Je, naweza kumimina kulanti ya rejeta kwenye mabomba ya maji ya gari langu ili yasigande?
Msomaji wa Makambako

JIBU: Hapana, hata kidogo. Kulanti nyingi za rejeta zina ethilini glikoli, ambayo ni sumu: ina ladha tamu, na kiasi kidogo kinaweza kuharibu figo za mtoto au mbwa. Ipo dawa nyingine iliyotengenezwa kwa propilini glikoli mahsusi kwa mabomba ya magari ya kulala, nayo pia huoshwa kwa maji mengi kabla ya mfumo kutumika tena. Kwa safari zetu za usiku mmoja au mitatu sioni haja yake. Kuyaondoa maji kunatosha. Ukitaka uhakika zaidi, pulizia mabomba upepo wa kompresa usiozidi PSI 40, ukifungua koki mojamoja mpaka itoe hewa tupu.