Leleshwa: geuza jani kabla hujashika jembe

Wewe uliyeanza kazi ya kitalu juzi na ukaambiwa uoteshe leleshwa, weka jembe chini kwanza, uende porini. Ukitoka Naivasha kuelekea Gilgil na Nakuru nchini Kenya, utaona vichaka vyake vya kijivu kwenye miamba. Upepo ukivuma vinakuwa vyeupe ghafla, kwa sababu majani yamegeuka tumbo juu.

Chuma jani moja. Juu ni kijani kilichofifia. Chini lina manyoya mafupi meupe yaliyoshikana kama blanketi kuukuu. Lisugue kiganjani: kafuri tupu. Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya kisayansi, alipouandika mti huu mwaka 1753, aliiweka kafuri kwenye jina, Tarchonanthus camphoratus. Sisi tunatumia jina la Wamaasai, ambao huyatia majani hayo kwapani ili wanukie na kuyatandika chini ya ngozi za kulalia.

Usiuchanganye na mzeituni mwitu. Majani ya mzeituni yanakaa mawili mawili, yakitazamana kijitini. Ya leleshwa yanapishana, moja huku, moja kule. Kuna pia krotoni ya vichakani yenye tumbo la fedha, lakini majani yake yakizeeka huwa ya rangi ya chungwa. Wengine hawaamini nikisema leleshwa ni wa familia moja na alizeti na pareto, kwa vile hauna petali za kung'aa. Pasua kichwa cha ua utaona: ni maua madogo yaliyosongamana.

Hapa ndipo wageni wengi wanapoangukia, na mimi nilianguka kifudifudi. Leleshwa una mti dume na mti jike. Msimu wangu wa kwanza nilijaza nusu gunia la maua makavu, nikasia trei nne na kumwagilia asubuhi na jioni kwa wiki sita. Kilichoota ni magugu. Mzee mmoja mchungaji akapita, akachota kiganja kimoja, akapuliza, yote yakapeperuka kama makapi. “Kijana,” akaniambia, “umepanda madume.”

Dume huchanua maua ya rangi ya krimu, kisha yanakuwa ya kahawia na kupukutika. Jike hubaki na vidonge vya sufi nyeupe, mti mzima kama umemwagiwa pamba. Hivyo ndivyo vya kuchuma, vikiwa vikavu. Ndani ya sufi mbegu ni ndogo na nyingine ni maganda matupu, kwa hiyo minya chache kwa ukucha kabla hujajisumbua na mfuko mzima. Mimi husugua sufi kwa mchanga mkavu hadi mbegu ziachane, nasia juu juu na kufunika kwa mchanga mwembamba tu.

Haziibuki pamoja. Nyingine hutokeza wakati umeshakata tamaa, basi trei usiimwage mapema. Mche ukishatoka, adui wake ni wewe na ndoo yako: maji yakituama, shingo inalainika na mche unalala. Jaza tyubu, yaani vifuko vya kukuzia miche, udongo wenye changarawe na samadi kidogo sana, uongeze jua polepole, upande shambani mvua ndefu ikishashika. Vipandikizi vya matawi navyo hujaribiwa. Kwangu vingi vimekauka, kwa hiyo sikushauri uanze navyo.

Tena, kabla ya kuhesabu miche unayohitaji, kagua shamba lenyewe. Leleshwa hukatwa sana kwa makaa, maana ni mgumu na unawaka vizuri, lakini kisiki kilichoachwa ardhini huchipua tena, hata baada ya moto. Kinachoumaliza ni kung'olewa na mizizi. Vichaka vingi vilivyo nyuma ya kitalu changu leo sikuvipanda. Nilizungushia visiki seng'enge, nikafukuza mbuzi.