Jibu: Cheti cha ndoa Texas, kaunti wanasema hawana rekodi

Salaam dada, na hongera kwa ndoa. Kama nimekuelewa, mlifunga ndoa kaunti ya Fort Bend, umekwenda kuomba nakala hapo kaunti wakakwambia jina lako halipo, na Social Security (ofisi ya serikali ya hifadhi ya jamii) hawabadilishi jina bila cheti.

Kwanza angalia leseni ya ndoa, yaani kibali cha kufunga ndoa, mliichukua wapi. Texas leseni ya kaunti yoyote inafungishia ndoa popote jimboni, lakini rekodi hubaki kwa karani wa kaunti iliyoitoa. Mkiwa mliichukua Houston, nenda kaunti ya Harris. Fort Bend hawatakuwa na kitu hata sherehe ingejaza uwanja.

Pili, mpigie mchungaji. Baada ya kufungisha ana siku 30 kurudisha leseni ikiwa imejazwa na kusainiwa. Wengine huisahau kwenye Biblia! Isiporudi, hakuna cha kunakili. Ikirudi, karani huisajili kisha huwatumia kwa posta kwenye anwani mliyoandika. Mmehama? Ulizeni kwenye nyumba ya zamani.

Ukiomba, andika majina kama yalivyo kwenye leseni, yaani jina lako la kabla ya ndoa. Sisi wa majina matatu hapo ndipo tunapopotezwa: karani anatafuta la mwisho, kumbe liliingizwa la katikati.

Usihangaike na ofisi ya rekodi ya jimbo kule Austin. Wao hutoa barua tu ya kuthibitisha kwamba ndoa ipo, si nakala ya cheti. Na kwa Social Security usipeleke fotokopi, wanataka yenye muhuri wa karani. Chukua mbili kabisa, pasipoti nayo itaidai.