Wasomaji Wanauliza: Kabla ya Kukabidhi Miaka 4 kwa Chuo cha Uhandisi

*Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Kigoma na Tabora, na karibu zote zinahusu jambo moja: mtu anapokwenda kukiangalia chuo cha uhandisi, aulize nini? Tumezifupisha.*

Mwanangu amemaliza Kidato cha Sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na sasa yuko JKT Msange. Anataka uhandisi, ama ujenzi ama umeme. Mimi napeleka dagaa Dar es Salaam na mwezi wa saba nitakuwa huko, kwa hiyo amenituma nimpitie vyuo. Sikusoma sayansi. Nitajuaje kama naonyeshwa ukweli au vipeperushi tu?
*Mama, Mwanga, Kigoma*

Mama, kutosoma sayansi hakukuzuii. Swali la kuacha nyumbani ni lile la "mna maabara?" Kila chuo kitajibu ndiyo. Uliza maswali ambayo jibu lake unaweza kulihakiki kwa macho kabla hujatoka getini.

La kwanza: kwenye zoezi moja la maabara, wanafunzi wangapi wanashika kifaa kimoja? Wakiwa wanne au watano, kila mmoja atagusa. Wakifika 15, wawili wanapima, mmoja anaandika, waliobaki wananakili ripoti usiku hosteli. Matokeo yatatoka mazuri tu, ila kijana atafika kazini hajawahi kuunga mota ya fezi tatu kwa mkono wake.

Kisha omba kuingia. Kwa uhandisi ujenzi, sema unataka kuona wanapopimia zege. Zege la majaribio humiminwa kwenye kalibu za chuma zenye milimita 150 kila upande. Likishika, hutolewa na kulowekwa kwenye tanki la maji, halafu hubanwa kwenye mashine mpaka lipasuke, kwa kawaida siku ya 7 na siku ya 28. Kila kipande huandikwa tarehe ya kumiminwa. Inama uchungulie ndani ya tanki. Ukikuta vipande vyenye tarehe za muhula huu, hiyo maabara inafanya kazi hata kama rangi ya ukuta imebanduka. Ukikuta tanki kavu lililogeuzwa stoo ya mafagio, huna haja ya kuuliza zaidi. Kwenye mashine ya kubania tafuta kibandiko cha uhakiki wa vipimo: kinaonyesha ilihakikiwa lini na inatakiwa kurudiwa lini. Mashine iliyopitwa na muda inaweza kusoma nguvu isiyo ya kweli, na mwanafunzi akaichukua kama ilivyo.

Kwa umeme, omba vifaa viwashwe. Osiloskopu, vile vifaa vya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, zikiwa kumi mezani zinapendeza, lakini uliza ngapi zinawaka na ngapi zina waya zake za kupimia, maana hizo waya ndizo hufa kwanza na bila hizo kifaa ni pambo. Uliza pia: umeme ukikatika katikati ya zoezi, zoezi linarudiwa lini? "Tunarudia Jumamosi" ni jibu. "Umeme haukatiki sana" si jibu.

Mwezi wa saba vyuo vingi viko mwishoni mwa mwaka au wanafunzi wamekwenda mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo karakana tupu isikutishe. Angalia dalili za matumizi: mashine ya kukereza vyuma yenye mafuta mabichi na mabaki ya chuma yaliyojikunja kwenye trei, meza zenye makovu ya msumeno. Mashine inayong'aa, yenye nailoni ya kiwandani bado imefungwa, waulize ilifika mwaka gani na nani kafundishwa kuiendesha. Mara nyingi mashine imekuja na mtu aliyeijua ameondoka.

Mtu wa kuzungumza naye zaidi ni fundi sanifu wa maabara kuliko afisa udahili. Muulize ni kifaa gani kimeharibika na tangu lini. Yeye ndiye anayeandika maombi ya vipuri kila mwaka, na akipata mtu wa kumsikiliza hamalizi.

Kuhusu safari yenyewe: kila mwaka, kwa kawaida mwezi huo wa saba, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huandaa maonesho ya vyuo vikuu viwanja vya Mnazi Mmoja. Yakikukuta Dar, yatumie kwa maswali ya karatasi: ada, sifa, mikopo. Lakini banda la maonesho halina tanki la zege, kwa hiyo baada ya hapo nenda vyuoni kwenyewe. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, iko makutano ya barabara ya Morogoro na Bibi Titi, unafika kwa miguu ukitoka Mnazi Mmoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, na Chuo Kikuu Ardhi ni jirani, vinamalizika siku moja. Tenga nusu siku nzima kwa kila chuo. Viwili vilivyokaguliwa vizuri vinatosha. Kama kijana anaitaka MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, hiyo ni safari nyingine kabisa. Ni nafuu kumwomba ndugu aliyeko Mbeya apeleke maswali haya haya.

Chuo nilichokipenda kimo kwenye orodha ya TCU. Kaka yangu anasema kwa uhandisi hiyo haitoshi. Kweli?
*Mhitimu wa PCM, Kasulu*

Kweli, na kaka yako amekuokoa. Kuna mambo mawili tofauti. TCU inakitambua chuo na inaidhinisha programu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, iliyopo sasa chini ya Sheria Namba 15 ya 1997, ndiyo inayoamua kama mwenye shahada hiyo atasajiliwa kuwa mhandisi. Bila usajili huruhusiwi kufanya kazi kama mhandisi, hata ukiwa na cheti chenye muhuri wa dhahabu.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu, tafuta programu yenyewe na msimbo wake, usiishie kwenye jina la chuo. Chuo kinaweza kuwa halali na programu moja mpya ikawa bado. Kisha nenda chuoni na swali lililonyooka: "Wahitimu wa programu hii ERB inawasajili, na kwa daraja gani?" Neno daraja usilisahau. Shahada mbili zinaweza kufanana majina, moja ya uhandisi na nyingine ya teknolojia, zikakufikisha kwenye madaraja tofauti ya usajili. Ukijibiwa "mchakato unaendelea", uliza umeanza lini, na je, wahitimu wa kwanza wameshatoka? Halafu waulize ERB wenyewe kwa maandishi kabla hujathibitisha nafasi. Barua pepe ya mistari mitatu yenye jina la chuo, programu na msimbo inatosha.

Ujue pia kwamba shahada ya miaka 4 ndiyo mwanzo. Ukihitimu unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, unapitia mafunzo kazini chini ya usimamizi, ya miaka 3, yanayoitwa SEAP, ndipo unaandika ripoti na kuhojiwa ili uwe mhandisi mtaalamu. Chuo kizuri kitakwambia wahitimu wake wangapi wameingia SEAP. Kisichofuatilia wahitimu wake kitakuonyesha picha za mahafali.

Na sifa: kwa waliomaliza Kidato cha Sita miaka hii, kiwango cha chini cha TCU ni alama 4.0 kwenye masomo mawili ya msingi, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Kwa uhandisi masomo hayo kwa kawaida ni Fizikia na Hisabati ya Juu. Kufikisha kiwango maana yake unaruhusiwa kuomba tu. Uliza chuo: mwaka jana wa mwisho kuchukuliwa kwenye programu hii alikuwa na alama ngapi?

Ni fundi sanifu umeme, nina diploma yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.1 na nimefanya kazi miaka kadhaa. Nataka shahada. Niulize nini tofauti na vijana wa Kidato cha Sita?
*Nzega, Tabora*

Maswali yako ni matatu, na la tatu ndilo zito.

Kwanza, GPA. Kiwango cha chini kwa wenye diploma ni 3.0, hivyo umevuka, lakini vyuo vinaruhusiwa kupandisha, na kwenye programu zinazogombewa hupandisha kweli. Uliza kabla hujalipa ada ya maombi. Pili, utaanza mwaka wa ngapi, na yapo masomo ya diploma watakayokuhesabia? Majibu hutofautiana chuo na chuo, na jibu la mdomo kwenye hili halina thamani, omba liandikwe.

Tatu ni hisabati. Fundi aliyefunga transfoma miaka mitano anawashinda vijana wote kwenye karakana, halafu mwaka wa kwanza kalkulasi, matrisi na namba changamano zinamrudisha nyuma, kwa sababu mwenzake wa PCM alizipitia miaka miwili mfululizo na yeye kazigusa juu juu. Sapu (mtihani wa marudio) moja ya hisabati inavuta nyingine, maana nadharia ya saketi ya muhula unaofuata inasimama juu ya hiyo hiyo. Waulize: kuna madarasa ya kuziba pengo kwa wanaotoka diploma? Yako kwenye ratiba au ni hisani ya mhadhiri? Darasa la hisabati la mwaka wa kwanza lina watu wangapi, na wangapi walipata sapu mwaka jana? Ofisi ikikwepa, waulize wanafunzi wa mwaka wa pili chini ya mti. Watakutajia mpaka waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli.

Huku ukisubiri, shughulikia AVN, ile namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Bila hiyo maombi yako hayaendi. Inapokwama, sababu mara nyingi ni chuo cha zamani kuchelewa kupeleka matokeo au jina kutofautiana na cheti cha Kidato cha Nne. Anza huko mapema, usingoje dirisha lifunguliwe.

Nikichaguliwa Dar, naweza kuja kufanya PT (mafunzo kwa vitendo) nyumbani? Chumba cha Dar wakati wa likizo ni gharama.
*Binti, Ujiji*

Unaweza, na Kigoma si mahali pa kufikiria kwamba hakuna kazi za kihandisi. Kuna bandari, mamlaka ya maji ya Kigoma/Ujiji, TANESCO, TANROADS na TARURA, na mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5. Tabora nako kuna reli ya zamani, reli ya kisasa na maji ya Ziwa Victoria.

Swali la kuuliza chuoni ni hili: mwanafunzi akiwa Kigoma, mhadhiri wake atakuja kumkagua? PT kwa kawaida ni wiki 8 kila mwaka, na sehemu ya alama hutokana na ukaguzi wa eneo la kazi. Vyuo vingine hutuma wahadhiri mikoa yote, vingine huishia Dodoma na kumkagua wa Kigoma kwa simu. Wa kwa simu hupata alama za wastani tu, kwa sababu hakuna aliyeona alichofanya. Kama ni hivyo, uliza wanakubali nini badala yake: picha, michoro, ripoti ya msimamizi?

Barua za kuomba nafasi peleka miezi minne au mitano kabla, kwa mkono kama mna ndugu hapo mjini, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kitabu cha kumbukumbu kijazwe kila siku na kisainiwe kila Ijumaa. Kinachosainiwa chote siku ya mwisho kinajulikana, wino ni mmoja. Fedha ya PT kwa wenye mkopo hupangwa kwa siku zisizozidi 56, na inaweza kuchelewa, kwa hiyo nauli ya treni ya kuja usiitegemee hiyo.

Ada nimeiona, naimudu. Kuna kingine?
*Baba, Urambo*

Kipo. Omba jedwali zima la malipo, si mstari wa ada peke yake: usajili, bima ya afya, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, na shilingi 20,000 za TCU za udhibiti wa ubora. Halafu uliza kisichoandikwa: nani ananunua ubao wa kuchorea, overoli na viatu vya usalama? Hosteli ya mwaka wa kwanza ni uhakika au ni bahati?

Laptopu mnunulie baada ya mwezi wa kwanza, akishajua programu watakazotumia. Kwa AutoCAD na michoro mingine, RAM ya GB 8 ndiyo ya chini, 16 ndiyo ya raha, na diski iwe SSD. Mashine ya dukani yenye GB 4 inayouzwa "kwa wanafunzi" itamgandia mwaka wa pili.

Mwanangu yuko kambini JKT. Vyuo vikimchagua zaidi ya kimoja tutajuaje?
*Mlezi, Kakonko*

Hapa ndipo nafasi hupotea bure. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe aliyojaza wakati wa kuomba, na siku zake ni chache. Simu ya kijana aliyeko kambini si ya kutegemea. Kwenye fomu ijazwe namba yako wewe uliyeko nyumbani, laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na nywila za akaunti zote ziandikwe kwenye daftari moja. Aache pia amepanga vyuo vyake kwa mfuatano, kwa mwandiko wake, ili ujumbe ukiingia usianze kuitisha kikao cha ukoo.